Kompyuta ya Nyumbani kwa Starehe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya majirani, ndugu, na watu wanaonipigia simu wakiwa tayari wamesimama dukani, muuzaji anawasubiri. Mengi huanza na "ipi nzuri?" Nami huwarudishia swali: ukishakula na kuoga, saa mbili usiku umekaa mbele yake, unataka kufanya nini?

Sawa, lakini niambie tu: ninunue ipi?

Bado hujanijibu. Mtu wa filamu na muziki hana haja ya mashine yenye nguvu. Anataka skrini pana, spika zenye besi na diski kubwa. Mtu wa karata, chesi na kusomasoma anatosheka na chochote kinachowaka. Wa gemu za mpira na magari ndiye wa kuulizia grafiki kadi, ile inayochora picha za gemu. Anayetengeneza midundo anahitaji RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kutosha na hedifoni nzuri kabla ya kitu kingine chochote. Ukiingia dukani bila kujua wewe ni nani kati ya hao, utauziwa ile ambayo mwenye duka anataka imtoke.

Nikibanwa nitaje moja ya kumfaa karibu kila mtu, nitasema kompyuta ya mezani iliyotumika, zile za ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Zimejaa Kariakoo, zimejaa Luthuli Avenue ya Nairobi, spea zake hazitafutwi kwa tochi na fundi yeyote anazifahamu. Kwa nini kizazi cha 8? Nimeeleza kwenye swali la Windows.

SSD usikubali kuiacha. Mashine ya 2012 uliyoibadilishia diski ikawa SSD inapendeza kutumia kuliko mashine mpya yenye diski ya kuzunguka. Ukibakiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo.

Simu ninayo, runinga ninayo. Kompyuta ya nini tena?

Labda huihitaji. Kama jioni zako zinapita kwa taarifa ya habari na tamthilia, na umeridhika, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Upendeleo wangu uko kwa kompyuta kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu haikuachi ustarehe: uko katikati ya filamu, meseji ya mchango wa harusi inaingia. Ya pili, kilichomo kwenye diski yako ni chako. Nyimbo ulizozihifadhi miaka kumi iliyopita bado zipo, bando liwepo lisiwepo, na hakuna anayeziondoa usiku wa manane kwa sababu mkataba wake na msanii umekwisha.

Ya mezani au laptopu?

Kwa starehe, ya mezani. Monita ya inchi 22 au 24 unaitazama ukiwa umeegemea kiti, laptopu inakuinamisha. Kibodi ikimwagikiwa chai unanunua nyingine, lakini kwenye laptopu chai hiyohiyo inaweza kuondoka na ubao mama, bodi kuu ya ndani. Laptopu ina ushindi wake mahali ambapo umeme unakatika kila siku, au kwa aliyepanga chumba kimoja ambamo meza yenyewe ndiyo ya kulia chakula.

Mashine yangu ni ya zamani. Gemu gani zitacheza?

Nyingi kuliko unavyodhani, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Anza na zile ambazo watu wengi wa rika langu walizijulia kwenye intaneti kafe. GTA San Andreas ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2005 iliomba RAM ya MB 256. Kompyuta yenye GB 4, hata bila grafiki kadi ya pembeni, inaicheza bila jasho. Need for Speed: Most Wanted ya 2005 vilevile. FIFA za miaka ya 2007 hadi 2014 zinakwenda vizuri kwenye i5 za zamani ukipunguza ubora wa picha. Majina ya wachezaji yamepitwa na wakati, lakini mpira ni mpira, na ubishi wake sebuleni haujapungua.

Halafu kuna za bure kabisa, bure ya kweli, zisizo na matangazo wala mtego wa kununua sarafu. SuperTuxKart ni mbio za vigari. Watoto wanne wanaweza kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa. The Battle for Wesnoth ni vita vya zamu kwa zamu, vya kufikiri, na inakwenda hata kwenye mashine iliyochoka. OpenTTD unajenga reli, barabara na viwanja vya ndege, unasafirisha makaa na abiria. Mtu akiipenda, saa nne za usiku zinapotea hajui zimekwenda wapi. 0 A.D. ni ya himaya za kale, na mojawapo ya himaya unazoweza kuongoza ni Kushi, ya mto Nile huko Sudan. Hiyo inataka mashine yenye nguvu kidogo, hasa majeshi yakishakuwa makubwa.

Na kuna Doom ya 1993. Iliandikiwa kompyuta zenye RAM ya MB 4, na leo watu huiendesha kwenye vifaa ambavyo huwezi hata kuviita kompyuta. Kuna mradi wa bure unaoitwa Freedoom unaotumia injini hiyohiyo kwa michoro na ramani zake. Vijana wakiniambia gemu za zamani zina picha mbaya huwawekea hiyo, nazima taa, naondoka.

Nina i5, mbona gemu mpya inakwama?

Kwa sababu "i5" peke yake haikwambii kitu. Tazama namba inayofuata. i5-3470 ni ya kizazi cha 3, ya mwaka 2012. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya 2018. i5-12400 ni kizazi cha 12, ya 2022. Zenye tarakimu nne soma ya kwanza. Zenye tano soma mbili za kwanza. Muuzaji akikwambia "hii ni i7 kaka, chuma", mwombe namba nzima. i7 ya kizazi cha 2 inaachwa mbali na i3 ya kizazi cha 12.

Sababu nyingine, na ndiyo ya kawaida zaidi: gemu mpya zinaegemea grafiki kadi kuliko prosesa. Ile iliyomo ndani ya prosesa za ofisini imewekwa kwa ajili ya jedwali na barua.

Naweza kuongeza grafiki kadi kwenye kile kiboksi chembamba cha ofisini?

Unaweza, ukipima mambo mawili. Urefu wa kadi: kiboksi chembamba kinakubali kadi fupi tu, na lazima ije na bati fupi la kufungia nyuma, la sivyo haiingii. Pili umeme: pawa saplai za mashine hizi hazina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi itategemea tundu la ubao mama, ambalo mwisho wake ni wati 75. GT 1030 inakula wati 30, GTX 750 Ti wati 60; zote zinaingia.

Tahadhari kwenye GT 1030: kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4. Sanduku linafanana, jina ni lilelile, lakini ya DDR4 ni nzito mno. Soma maandishi madogo kabla hujatoa hela.

Kibodi na mausi, au pedi ya gemu?

Mpira na ngumi, pedi. Mikakati na kupiga risasi, mausi. Magari ni hiari yako. Lakini usimdharau aliyejifunza mpira kwenye kibodi. Wapo wanaopiga chenga kwa vitufe vya mshale mpaka mwenye pedi anaomba zibadilishwe.

Ndugu wawili wanacheza kwenye kibodi moja, mchezaji wa mmoja anaganda ghafla. Kibodi mbovu?

Si mbovu, ni ya bei nafuu. Kibodi nyingi za kawaida haziwezi kusoma vitufe vingi kwa mpigo mmoja. Mmoja ameshikilia mshale wa kulia na kitufe cha kukimbia, mwenzake ameshikilia D na kitufe chake, na atakayebonyeza kitufe cha tano kupiga shuti hasikiki. Hapo ndipo shutuma zinaanza: "umenizuia!", "sijakugusa!"

Dawa ni kuchomeka kibodi ya pili kwenye tundu jingine la USB. Kwa gemu yenyewe, kibodi zote mbili ni kitu kimoja, herufi ni zilezile, lakini kila kibodi inasoma vitufe vyake yenyewe, kwa hiyo hazizibiani. Kibodi ya mtumba ya bei ya soda chache inamaliza ugomvi wa mwaka mzima.

Gemu za kukraki, zilizovunjwa kufuli zisilipiwe, zina ubaya gani? Kila mtu anazo.

Kuna haki ya aliyeitengeneza, hilo unalijua. La kompyuta yako ni hili: maelekezo ya gemu za namna hiyo karibu yote huanza na "zima antivirasi". Ukishazima, umemfungulia mgeni mlango hujui amebeba nini. Mashine nyingi ninazoletewa zikiwa nzito, feni inanguruma hata hakuna kilichofunguliwa, zimepitia hapo.

Njia za halali zimekuwa rahisi. Epic Games Store, duka la gemu la mtandaoni, hutoa gemu za bure kila wiki. Ukiichukua wakati huo inabaki yako. Steam, duka jingine, huwa na mauzo ya punguzo ambapo gemu ya miaka michache nyuma inauzwa kwa bei ya chipsi kuku. Usipoipenda, unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujaicheza zaidi ya saa 2. GOG inauza za zamani zisizodai intaneti kila unapozifungua. Malipo hufanyika hata kwa kadi pepe ya Visa au Mastercard kupitia pesa za simu.

Bando linaniishia. Kuna njia?

Weka mtandao wako kwenye Windows kama muunganisho wa kipimo (metered connection). Masasisho makubwa yatasubiri. Gemu pakua kwa bando la usiku. Kama jirani ana gemu hiyohiyo kwenye Steam, hamna haja ya kuipakua mara mbili: tangu 2023 Steam inaruhusu kuhamisha mafaili kati ya kompyuta zilizo kwenye ruta moja, na hapo bando haliguswi. Kwa wanaopenda kusoma, kuna Kiwix, programu inayokuwekea Wikipedia nzima kwenye diski, ya Kiswahili ikiwemo. Unasoma juu ya Kilwa au volkano za Kivu umeme ukiwepo tu, intaneti haihitajiki.

Filamu nilizowekewa kwenye flashi: nyingine hazifunguki, nyingine maandishi yanachelewa.

Weka VLC, programu ya kuchezea filamu. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Ufaransa mwaka 1996, ni ya bure, haina matangazo, na inafungua karibu kila kitu. Ukiona tovuti inakudai pesa ya VLC, ondoka.

Maandishi ya tafsiri: faili lake liwe na jina lilelile la filamu na likae folda moja na filamu, VLC italichukua lenyewe. Yakichelewa kuliko mdomo wa mwigizaji, bonyeza G yawahi; yakitangulia, bonyeza H yachelewe. Sauti ikipishana na picha, ni J na K. Vitufe hivi vinne vimenisaidia kuliko mafunzo mengi.

Kama flashi inakataa faili kubwa na kusema nafasi haitoshi wakati unaona nafasi ipo, flashi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofikia GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, rudisha. Uliza kwanza kama runinga yako inasoma exFAT. Za zamani baadhi hazisomi.

Filamu zilizotafsiriwa na madijei huwa zimebanwa sana ili ziwe nyepesi, kwa hiyo kwenye monita kubwa zinaonekana za ukungu. Hakuna programu ya kurekebisha. Sogeza kiti nyuma.

Nacheza karata na bao. Kompyuta inanifaa?

Karata ndizo zilizofundisha watu mausi. Solitaire iliingia na Windows 3.0 mwaka 1990, na ofisi nyingi duniani hazijapona hadi leo. Mimi ni mtu wa FreeCell, kwa sababu bahati haina nafasi kubwa: karata zote ziko wazi. Kati ya michezo 32,000 ya toleo la zamani la Windows, uliobaki bila kutatuliwa ni namba 11982. Jaribu, utanikumbuka.

Chesi, nenda tovuti ya Lichess: bure, bila matangazo, na unapata mpinzani wa kiwango chako saa yoyote. Drafti zipo nyingi, ila angalia kanuni kwanza, maana kula kinyumenyume na mwendo wa kingi hutofautiana na zile za kijiweni.

Bao la Kiswahili lina programu zake, mashimo 32 na kete 64 kama kawaida, na mashine inahesabu vizuri. Kwa kujifunza hatua za namua na mtaji inafaa. Ila bao bila mtu wa pembeni anayekucheka ukikosea, mimi halinipi raha.

Nataka kutengeneza midundo chumbani. Nianze na nini?

Na hedifoni, kisha programu. FL Studio ndiyo utakayoikuta kwenye studio nyingi za mtaani. Toleo la majaribio linakupa karibu kila kitu, isipokuwa ukihifadhi mradi huwezi kuufungua tena hadi ununue. Ukinunua, masasisho ni bure maisha. Asiyetaka kulipa aanze na LMMS, na Audacity kwa kurekodi na kukata sauti.

Usisubiri mashine kubwa. Singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam unaokwenda kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ulipikwa kwenye kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 santuri ya mkusanyo kutoka studio ya Sisso ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika mpaka Ulaya.

Ukibonyeza kitufe na sauti ikachelewa kutoka, weka ASIO4ALL, programu ya kupunguza uchelewaji huo, kisha punguza ukubwa wa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kutoka). Ikianza kukwaruza, iongeze kidogo.

Itakula umeme kiasi gani?

Ya ofisini na monita yake chukulia wati 100. Saa 3 kila siku kwa mwezi ni uniti 9. Ya gemu yenye kadi kubwa inafika wati 300, na hiyo ni uniti 27. Kwa mteja wa Tanzania aliye kwenye tarifu ya chini, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ndogo: friji, pasi na kompyuta ya gemu kwa pamoja zinaweza kumtoa humo.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Faida yake kubwa ni pale umeme unaporudi kwa kishindo. Usichomeke pasi wala friji kwenye UPS hiyo. Ndiyo, nimewahi kuulizwa.

Windows 10 nasikia imekwisha. Nitupe mashine?

Msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha 8. Ndiyo maana nilitaja 8 mwanzoni.

Kama yako ni ya chini ya hapo, piga Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Filamu, muziki, VLC, gemu za bure nilizozitaja, zote zipo. Gemu nyingi za Windows zilizoko Steam zinacheza pia kupitia Proton, iliyoanza 2018. Zinazogoma ni baadhi ya zile za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu. Valorant, ambayo haiko Steam, nayo inagoma.

Watoto wanaigombania kila jioni.

Iwekwe sebuleni, skrini ikitazama watu. Kila mtoto afunguliwe akaunti yake, hapo mmoja hafuti mchezo wa mwenzake. Kwa wadogo weka Tux Paint ya kuchora na GCompris ya michezo ya kujifunza, zote za bure. Saa ya ukutani inapanga zamu vizuri kuliko programu yoyote ya kudhibiti muda, kwa sababu wote wanaiona.

Mwenzangu anasema naipenda kompyuta kuliko yeye.

Nunua pedi ya pili.

Macho yanauma na shingo inakaza.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Vitabu vya zamani chini ya monita vinatosha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Usikae na skrini angavu kwenye chumba cha giza. Yakiendelea kuuma, kapime macho.

Ndugu yangu yuko Marekani anataka kunitumia kompyuta. Ina tatizo?

Inaweza kuwa nalo, na likitokea linatokea kwa sekunde moja. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Geuza mashine ya mezani utazame nyuma, kwenye pawa saplai karibu na tundu la waya. Kama kuna swichi nyekundu ndogo iliyoandikwa 115, isukume kwa bisibisi bapa mpaka isomeke 230 kabla hujachomeka. Ukichomeka ikiwa kwenye 115 utasikia mlio, utanusa harufu, na pawa saplai imekwenda. Kama hakuna swichi, soma kibandiko: ikiandikwa 100–240V inajirekebisha yenyewe, na chaja nyingi za laptopu ziko hivyo. Kitakachohitajika ni waya wenye plagi yetu.

Inayotoka Oman au Dubai haina shida hiyo, na plagi nyingi za kule ni zilezile za pini tatu bapa. Kibodi itakuwa na herufi za Kiarabu pembeni ya zetu, haidhuru. Monita asihangaike kuituma: ni nzito, inapasuka njiani, na hapa zipo tele.